Injini za Mvuke za Karakana ya Nyumbani

Modeli ya injini ya mvuke, kama mafundi wa nyumbani wa Uingereza wanavyoielewa, ni injini halisi iliyopunguzwa ukubwa. Ina boila ya kuchemsha maji, silinda ya kupokea mvuke, pistoni inayokwenda na kurudi ndani yake, na krenki inayougeuza mwendo huo kuwa mzunguko. Moto wake unaunguza, na boila yake ikitengenezwa ovyo inaweza kumuua aliyeiunda. Mafundi waliojenga historia ya kazi hii hawakuridhika na umbo lenye sura ya mashine. Walitaka mashine ndogo ifanye kazi, ivute mzigo na ijilishe mvuke wake yenyewe. Jambo hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, na ugumu wake ulijulikana mapema sana, hata kabla mashine kubwa hazijafikia ubora wake.

Mwaka 1712 Thomas Newcomen alisimamisha karibu na Dudley, katikati ya Uingereza, injini ya kuvuta maji kutoka mgodini. Mvuke ulijaza silinda, maji baridi yakanyunyizwa ndani, mvuke ukarudi kuwa maji na kuacha ombwe, kisha hewa ya nje ikaisukuma pistoni chini. Chuo Kikuu cha Glasgow kilikuwa na modeli ya injini hiyo kwa ajili ya masomo. Modeli haikufanya kazi vizuri, na hata ilipopelekwa London kwa fundi wa vyombo vya sayansi haikupona. Katika majira ya baridi ya 1763 na 1764 ilikabidhiwa James Watt, aliyekuwa akitengeneza vyombo vya chuo hicho. Silinda ilikuwa na kipenyo cha inchi 2, yaani milimita 51, na pistoni ilitembea inchi 6. Boila yake haikuzidi sana birika la chai. Watt aliirekebisha, akawasha moto, injini ikapiga mapigo machache na kusimama kwa kuishiwa mvuke.

Mtu mwingine angesema modeli ni mbovu. Watt aliuliza mvuke umekwenda wapi. Kila maji baridi yaliponyunyizwa, kuta za silinda zilipoa, na mvuke wa pigo lililofuata ukapotea katika kuzipasha moto upya. Hasara hiyo ilikuwepo pia katika injini kubwa, lakini makaa ya mgodini yalikuwa rahisi na hakuna aliyejali. Ndani ya silinda ndogo haikuweza kufichika. Kipimo cha urefu kikipunguzwa hadi moja ya nane, eneo la kuta hupungua hadi 1/64, ilhali ujazo hupungua hadi 1/512. Kwa hiyo kila kiasi cha mvuke ndani ya mashine ndogo huzungukwa na ukuta unaopoza mara nane zaidi ya ndani ya ile kubwa. Mwaka 1765 Watt alipata wazo la kuutoa mvuke nje na kuugeuza maji katika chombo cha pembeni, ili silinda yenyewe ibaki na joto lake. Hataza ya wazo hilo ilitoka 1769. Modeli ya Glasgow ingali imehifadhiwa katika Makumbusho ya Hunterian ya chuo hicho, na ni haki ihesabiwe kuwa modeli yenye faida kubwa kuliko zote zilizowahi kuundwa.

Mbele ya gari la mvuke pia ilitangulia modeli. William Murdoch, mwajiriwa wa kampuni ya Boulton na Watt huko Cornwall, mwaka 1784 aliunda nyumbani kwake Redruth kigari cha magurudumu matatu kilichopata moto kutoka taa ya spiriti. Watt, aliyeuogopa mvuke wenye msukumo mkubwa, hakumtia moyo aendelee. Kazi hiyo ilichukuliwa na Richard Trevithick wa Camborne, maili chache kutoka hapo. Naye alianza na modeli mwishoni mwa karne ya 18, akaendesha gari kamili barabarani mwaka 1801, na 1804 injini yake ikavuta mabehewa relini huko Penydarren, Wales. Wakati huo modeli ilikuwa njia ya kufikiri kabla ya kutumia pesa nyingi.

Reli zilipoenea, modeli ikageuka kuwa kumbukumbu ya mashine ambazo tayari zimekwisha kuwepo. Katika karne ya 19 wauzaji wa London na Birmingham waliuza vigari vya mvuke vya shaba njano kwa watoto wa wenye nafasi. Vilikuwa na silinda inayotikisika, muundo rahisi kuliko wote: silinda yenyewe hubembea pamoja na mwendo wa krenki, na katika kubembea huko tundu lake hukutana mara na bomba la mvuke mpya, mara na tundu la kutolea mvuke uliokwisha kazi. Havikuhitaji reli, vilizunguka sakafuni. Vilivuja maji njia nzima, hadi vikapewa jina la utani kwa tabia hiyo ya kudondoka. Nuremberg nako viwanda vya Ujerumani, Bing kikiwa kimojawapo, vilitengeneza injini za bati kwa wingi kwa ajili ya soko la dunia. Mtu mzima aliyetaka kukereza chuma nyumbani kwake alihitaji kipato kikubwa. Makerezo ya Holtzapffel wa London yalikuwa vyombo bora vya mabwana wenye wakati na mali, na mara nyingi yalitumika kukereza mapambo ya pembe na mbao.

Mwaka uliobadili hali hiyo ni 1898. Januari ya mwaka huo Percival Marshall alitoa London toleo la kwanza la jarida la The Model Engineer and Amateur Electrician. Liliwalenga mafundi wa kawaida, makarani, walimu na vijana wanafunzi wa ufundi, watu wenye jioni zao na jumamosi zao lakini bila kiwanda. Mwaka uleule chama cha waunda modeli kikaanzishwa London, nacho kiko hadi leo chini ya jina la Society of Model and Experimental Engineers. Jarida lilimpelekea msomaji mchoro wenye vipimo na maelezo ya hatua kwa hatua. Chama kilimpa watu wa kuwauliza mchoro ulipomshinda.

Palibaki pengo moja. Fundi wa nyumbani anaweza kukereza, kutoboa, kukata hesi na kupiga tupa, lakini kusubu chuma kunahitaji tanuri na kalibu ambavyo nyumba chache zinaweza kuwa navyo. Pengo hilo lilizibwa na Stuart Turner, mhandisi aliyekuwa akiangalia mitambo ya umeme ya jumba la Shiplake Court, karibu na mto Thames. Aliunda injini ndogo kwa michoro yake mwenyewe. Habari zake zilipochapishwa, wasomaji wakaanza kuomba vipande vya kusubu ili nao waunde kama hiyo. Kutokana na maombi hayo ikazaliwa biashara iliyohamia baadaye mji wa jirani wa Henley, na ikadumu zaidi ya karne. Mnunuzi alipata sanduku lenye vipande ghafi vya chuma na shaba, vyuma vya fito, skrubu na mchoro. Kazi yote ya kuvifanya injini ilibaki kwake, na ndicho alichokinunua.

Injini ya Stuart inayojulikana kuliko zote ni ile ya wima iitwayo 10V. Silinda yake ina kipenyo cha robo tatu ya inchi, yaani milimita 19, pistoni hutembea robo tatu ya inchi, na flaiwili, lile gurudumu zito linalotuliza mwendo, ina kipenyo cha inchi 3. Kipande cha kusubu kikitoka kalibuni huwa na ngozi ngumu iliyoshika chembe za mchanga. Anayeanza huogopa na kukwangua juu juu, na ncha ya kisu cha kerezo hufa palepale. Mzoefu hupitisha kisu chini ya ngozi kwa mkato mmoja wa kina, kisha ndipo huanza kufuata vipimo. Silinda hufungwa kwenye kerezo na kutobolewa kwa mkato mwembamba juu ya mkato, na nyuso zake mbili za mwisho hulainishwa bila kuifungua. Ikifunguliwa katikati ya kazi na kufungwa tena, tundu na nyuso havitakuwa mraba, pistoni itakwama upande mmoja, na hakuna tupa itakayoponya kosa hilo.

Kazi ya kutia wasiwasi zaidi ni ya valvu. Ubavuni mwa silinda kuna matundu matatu membamba: mawili ya pembeni hupeleka mvuke kwenye kila ncha ya silinda, na la katikati hutoa mvuke uliotumika. Juu yake huteleza kijisanduku kilicho wazi upande wa chini, kikivutwa na kipande cha duara kilichofungwa kwenye krenki huku kitovu chake kikiwa kimesogezwa pembeni. Duara hilo linatakiwa litangulie krenki kwa nyuzi 90 na kidogo zaidi. Likichelewa, injini inapiga kwa uvivu. Likikosewa kabisa, haizunguki. Fundi huondoa kifuniko, huzungusha flaiwili kwa kidole, na kuangalia kama tundu linaanza kufunguka kiasi cha unywele pistoni inapofika juu, na kiasi hichohicho inapofika chini. Vipimo vyote viwili vikilingana, hufunga skrubu. Injini kama hii huanza kuzunguka kwa mvuke kidogo sana, na wengi huijaribu kwanza kwa hewa ya pampu ya baiskeli au ya kompresa.

Injini ya kusimama mezani ilikuwa mwanzo. Wengi walitaka garimoshi, na hapo ndipo tatizo aliloligundua Watt lilirudi kwa nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 20 biashara ya magarimoshi madogo Uingereza iliongozwa na W. J. Bassett-Lowke wa Northampton, ambaye kampuni yake ilianza 1899, pamoja na mhandisi Henry Greenly aliyemchorea. Kwa reli nyembamba za modeli, walizoea boila iliyochemshwa kwa ndimi za spiriti: pipa la maji lenye mirija midogo chini yake, limefunikwa na gamba la nje lenye sura ya boila ya garimoshi. Iliwaka kwa urahisi na haikuhitaji uangalizi mwingi. Nguvu yake ilitosha kuvuta mabehewa mepesi ya bati. Imani iliyotawala ilikuwa kwamba moto wa makaa ya mawe, ndani ya chumba kidogo kiasi hicho, hauwezi kudumu wala kutoa mvuke wa kutosha.

Aliyeivunja imani hiyo aliandika kwa jina la herufi nne, LBSC, alizozichukua kwa reli ya London, Brighton na Pwani ya Kusini alikowahi kufanya kazi. Alijulikana pia kama Curly Lawrence. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alitangaza kwamba garimoshi lake Ayesha, linalokimbia kwenye reli yenye upana wa inchi 2½, yaani milimita 63.5 tu, linawaka makaa ya mawe na kumvuta mtu mzima. Ulizuka ubishi mkali kurasani, ukapewa jina la vita vya maboila, na haukuishia kwenye maandishi. Mashine zilipelekwa relini hadharani zikavuta. Ayesha ilivuta watu. Baada ya hapo aliyesema haiwezekani alikuwa akibishana na jambo lililotendeka.

Siri ya Ayesha ilikuwa kukataa kupunguza kila kitu kwa kipimo kimoja. Boila ya garimoshi kubwa hupitisha moto ndani ya mirija mingi sana iliyozungukwa na maji. Ukiipunguza mirija hiyo kwa uwiano uleule, inakuwa myembamba kiasi kwamba moshi haupiti na masizi huiziba kwa muda mfupi. LBSC aliweka mirija michache, mipana kuliko uwiano ulivyodai. Mvuke aliupitisha tena motoni ukaushwe kabla ya kuingia silindani, ili usigeuke maji ukigusa kuta. Mvuke uliokwisha kazi aliuelekeza juu kwenye dohani kupitia tundu lililopimwa vyema, ili kila pigo livute hewa kupitia makaa. Hapo mashine hujiongoza: mzigo ukiongezeka, pigo huwa zito, moto huwaka zaidi na mvuke huongezeka. Garimoshi kubwa liliishi kwa kanuni hiyohiyo tangu enzi za Stephenson, muunda magarimoshi wa mwanzo, na LBSC, aliyelijua kwa mikono yake, alikuwa na sababu ya kuamini kwamba dogo nalo litaitii.

Tangu katikati ya miaka ya 1920 LBSC aliandika katika jarida la Marshall kwa miaka mingi, garimoshi baada ya garimoshi, kwa lugha ya karakana ya reli badala ya lugha ya kitabu. Alimweleza msomaji ashike nini, aanze wapi, na afanye nini kitu kikimharibikia. Garimoshi lake dogo Tich, la reli ya inchi 3½, lilikusudiwa anayeanza, na bado linaundwa. Greenly alikuwa mhandisi mwenye elimu kubwa na kazi zake ni za heshima, lakini mafundi wa nyumbani waliomaliza garimoshi kwa sababu ya maandishi ya LBSC ni wengi kuliko wa mwandishi mwingine yeyote wa zama zake.

Boila ya garimoshi la namna hiyo huundwa kwa shaba nyekundu. Sahani za mwisho hupigwa nyundo juu ya kalibu ya chuma au mti mgumu hadi kingo zake zipinde. Shaba hukakamaa kwa kupigwa, hivyo kila baada ya muda hurudishwa motoni hadi iwe nyekundu hafifu, kisha huzamishwa majini ilainike. Viungo hupakwa dawa ya kusafishia na kulehemiwa kwa lehemu yenye fedha, inayoyeyuka kati ya nyuzi 600 na 700 za Selsiasi. Lehemu ya kawaida ya risasi na bati haifai, maana hulegea boila ikipungukiwa maji. Hesabu ya msukumo haina huruma hata kwa kitu kidogo. Mvuke wa baa 5.5 hukandamiza sahani ya sentimita 10 kwa 10 kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 560. Sahani bapa itavimba isipofungwa kwa vijiti vya shaba vinavyoishika na sahani ya upande wa pili. Kabla ya moto wa kwanza, boila hujazwa maji hadi isibaki hewa, kisha pampu huyasukuma hadi mara mbili ya msukumo wa kazi. Maji hayabanwi kama mvuke. Kiungo kikiachia, hutiririka tu bila kulipuka. Vyama vya Uingereza huweka kumbukumbu za majaribio haya na kumkataza mwanachama kuendesha boila isiyo na cheti. Ni kanuni njema, na ndiyo iliyofanya mamia ya maboila yaliyoundwa majumbani yaendeshwe mbele ya watoto kwa usalama.

Kerezo lenyewe nalo lina historia yake. Kabla ya umeme kufika majumbani, fundi alilizungusha kwa kanyagio la mguu, huku mikono ikishika kazi. Ndugu wa Drummond, huko Guildford, waliuza mwanzoni mwa karne ya 20 makerezo madogo yaliyokuwa ndani ya uwezo wa mfanyakazi aliyeweka akiba. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kazi ya kutengeneza kerezo lao ilihamishiwa kampuni ya Myford, iliyoanzishwa 1934 huko Beeston karibu na Nottingham. Mwaka 1946 Myford ikatoa aina ya ML7, yenye kimo cha inchi 3½ kutoka kitandani hadi kwenye mhimili, na yenye mota yake. Kwa miongo kadhaa karakana ya Kiingereza ya nyuma ya nyumba ilidhaniwa kuwa na Myford, na michoro mingi ilipangwa isizidi uwezo wake. Kiwanda cha Beeston kilifungwa 2011. Makerezo yake yangali yakinunuliwa na kuuzwa, mengine yakiwa na umri zaidi ya wenye kuyatumia.

Agosti 1968 reli ya taifa ya Uingereza ilimaliza kutumia magarimoshi ya mvuke katika huduma zake kuu. Karakana za nyumbani hazikufungwa. Kwa namna fulani zilipata wajibu mpya, kwa kuwa ujuzi wa kupanga valvu, kukunja shaba na kulisha moto ulikuwa ukiondoka na wastaafu wa reli, na wengi wao walikuwa wanachama wa vyama vya modeli. Magarimoshi nayo yalikua. Reli ya inchi 5 na ya inchi 7¼ zilishika nafasi ya zile nyembamba, kwa kuwa hubeba watu wengi na moto wake ni rahisi kuutunza. Ukuaji huo una gharama ya uzito. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kulipima jambo hili kwa garimoshi la Garratt la aina ya 59, lililovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi kuanzia miaka ya 1950, na ambalo mfano wake uko katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Likiwa kazini lilikuwa na uzito wa tani 252 hivi. Modeli yake ya moja ya nane, ikifuata uwiano kamili, ingekaribia kilo 500, na kuitoa karakanani kungehitaji winchi na majirani wawili.

Wapo waliokwenda upande mwingine, wa udogo na ukamilifu. Cherry Hill, mwanamke wa Kiingereza aliyesomea hisabati, aliunda kwa kipimo cha moja ya kumi na sita matrekta ya mvuke ya karne ya 19, hasa yale ya ajabu ambayo huenda yalibaki kwenye michoro ya hataza au yaliundwa machache tu. Alichunguza hati za zamani, akachora upya, akatengeneza hata skrubu zisizoonekana, na modeli zake zote zilifanya kazi. Alishinda mara 9 kombe la Duke of Edinburgh, tuzo ya juu kabisa ya maonyesho ya jarida la Model Engineer, na sehemu kubwa ya kazi zake ilikabidhiwa taasisi ya wahandisi mitambo jijini London. Kazi hii iliingia hata katika riwaya: mwandishi Nevil Shute, mhandisi wa ndege, alimfanya muunda modeli kuwa shujaa wa riwaya yake ya mwisho, Trustee from the Toolroom, iliyochapishwa 1960. Shujaa huyo anapata msaada duniani kote kwa sababu wasomaji wa makala zake wako kila bandari.

Karakana ya sasa ina vifaa ambavyo Marshall hakuviota. Sahani za fremu hukatwa kwa leza kutokana na faili la kompyuta, vielelezo vya kusubia huchapwa kwa plastiki, na gurudumu lililokuwa likisumbua kupatikana huagizwa likiwa tayari kukerezwa. Wapo wanaolalamika kwamba mkono umepunguziwa kazi, lakini malalamiko hayo hayana uzito mkubwa: Stuart Turner naye aliwapunguzia watu kazi ya kusubu, na bila hivyo wengi wasingeanza. Kilichobaki bila njia ya mkato ni boila, silinda na valvu, ambazo bado hudai macho na subira ileile.

Taabu mpya imetokea upande wa makaa. Makaa ya mawe ya Wales yalipendwa na waendeshaji wa mvuke kwa moshi wake mdogo na joto lake la kudumu, na mgodi wa Ffos-y-fran ulipofungwa mwishoni mwa 2023 kuyapata kukawa kugumu. Vyama vimejaribu anthrasaiti, ambayo huhitaji hewa nyingi na tabaka nene la moto, na matofali madogo ya makaa yaliyosagwa na kugandishwa. Kila aina ya makaa hudai mpangilio wake: nafasi kati ya vyuma vya wavu wa moto hubadilishwa, tundu la mvuke chini ya dohani hupunguzwa au kupanuliwa, na mwendeshaji hujifunza upya ni lini aongeze makaa. Maboila yaliyochorwa kwa makaa ya Wales karibu karne moja iliyopita sasa yanapimwa upya, moja baada ya jingine, kwenye reli za vyama.